AL-JAZARI, FUNDI WA SAA

Kengele ya alfajiri ikilia hapa Gitothua, wengi wetu hununa na kujifunika blanketi tena. Siku hizi kuna taa za kando ya kitanda ambazo huangaza polepole kama jua linavyochomoza, ndipo saa ilie. Watu hudhani hilo ni jambo geni kabisa. Kumbe wazo la saa ya mwanga ni la kale!

Ismail al-Jazari aliishi karne ya 12. Jina lake latokana na Jazira, nchi iliyo kati ya mito Tigris na Frati. Alikuwa fundi wa wafalme wa Diyarbakir, mji ulio Uturuki ya leo. Aliwatumikia baba, kaka, na hatimaye mfalme Nasir al-Din, kwa miaka ipatayo 25.

Saa yake kubwa ilizidi mita 3 kwa urefu, nayo iliendeshwa kwa maji. Boya lilishuka pole pole ndani ya tangi, likavuta kamba, na kamba ikasogeza vyombo. Mchana, kila saa milango ilifunguka na mewe wawili wa shaba wakadondosha vigololi. Usiku je? Kulikuwa na vioo 12 vya mviringo, na taa nyuma yake. Mwanga ulikua kidogo kidogo katika kioo kimoja hadi kikajaa, basi saa moja imepita. Saa sita usiku na saa kumi na mbili alfajiri, sanamu za wanamuziki zilipiga ngoma na tarumbeta.

Sasa shida ilikuwa hapa. Watu wale, kama sisi Waswahili, walihesabu saa tangu jua kuchomoza. Sisi tuko karibu na Ikweta, mchana wetu haubadiliki sana. Kwao mchana wa kiangazi ni mrefu, wa baridi ni mfupi, kwa hivyo saa zilirefuka na kufupika. Ilibidi mwendo wa maji ubadilishwe kila siku. Mabingwa waliomtangulia waliacha kifaa cha nusu duara cha kazi hiyo. Al-Jazari hakukubali tu kwa sababu ni cha wakubwa. Alikipima, akakuta kina kasoro. Basi akatengeneza cha duara kamili, akakitia alama moja moja kwa kujaribu na kupima tena.

Mfalme aliogopa ujuzi huo usije ukapotea, akamwamuru aandike. Mwaka 1206 kitabu kilikamilika, chenye vyombo 50 pamoja na michoro na vipimo. Wengi huutaja mwaka huohuo kuwa wa kifo chake. Lakini mwaka 1976 saa ile iliundwa upya huko London kwa kufuata maandishi yake, nayo ikafanya kazi!

Wanachama wenzangu, mafundi wangapi wa jua kali huko Ruiru na Thika wana ujuzi ambao haujaandikwa popote? Mali bila daftari huisha bila habari. Tuchukue kalamu tuwaulize, tena tuandike kwa Kiswahili.