Kimweri ye Nyumbai: mfalme aliyeomba dawa ya kurudishiwa nguvu

Ukurasa huu ni wa mama, binti, mkwe au mlezi yeyote anayemhudumia mzee mwenye ugonjwa wa valvu. Valvu ni milango midogo ndani ya moyo inayoruhusu damu iende mbele bila kurudi nyuma. Familia inayofika hospitali kwa ajili ya kubadilishiwa valvu mara nyingi hushangaa kuona mgonjwa anaambiwa atembee hatua chache, akae na kuinuka kitini, au abane kifaa kwa kiganja. Tumekuja kwa ajili ya moyo, mbona wanampima miguu na mikono? Ili kueleza sababu, tutapitia maisha ya mtu ambaye jina lake bado linatajwa katika milima ya Usambara na nyanda zake: Mfalme Kimweri ye Nyumbai.

Ukoo uliotoka Nguu

Kimweri alikuwa wa ukoo wa Wakilindi. Simulizi za wazee zinasema mwanzilishi wao, Mbegha, alikuwa mwindaji kutoka milima ya Nguu, upande wa Kilindi, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni. Aliwaondolea wakulima nguruwe pori waliokuwa wakila mazao, akawagawia nyama, na Washambaa wakamfanya mfalme wao. Makao makuu yakawa Vuga.

Kimweri alishika kiti hicho mwanzoni mwa karne ya 19 na kutawala kwa miongo mingi. Aliweka wanawe kuwa watawala wa maeneo mbalimbali, na mamlaka yake yakashuka milimani hadi Bonde na kufika pwani. Huko Tanga na Pangani, madiwani walikuwa chini yake na chini ya Sultani wa Zanzibar kwa pamoja. Mmisionari Krapf alipomtembelea mwaka 1848, na tena mwaka 1852, alikuta mtawala ambaye neno lake lilifuatwa mbali sana na Vuga.

Washambaa walimwita mfalme wao Simba. Waliamini kwamba mfalme mwenye nguvu huiponya nchi: mvua hunyesha, mazao hukomaa, watu hutulia. Kwa hiyo afya ya Kimweri haikuwa habari ya nyumbani kwake tu. Ilimhusu kila aliyelima.

Februari 1857

Mwaka 1857 wasafiri wawili Waingereza, Richard Burton na John Speke, walipanda kutoka Pangani kufuata mto, wakapita eneo la Korogwe, wakafika Vuga. Waliingizwa nyumbani kwa mfalme. Burton aliandika alichokiona: mzee sana, amekonda kwa maradhi, akijiinua nusu tu kutoka kitandani ili kuwapokea. Uso ulijaa makunyanzi, macho yalikuwa mekundu, meno yalikuwa yamekwisha, mikono na miguu ilikuwa na mabaka. Alijifunika shuka na kulalia zulia kuukuu.

Kimweri alikuwa na haja moja kubwa kwa wageni hao. Alitaka dawa ya Wazungu itakayomrudishia afya, nguvu na ujana. Hawakuwa nayo, na baada ya muda mfupi waliondoka.

Maelezo hayo si ripoti ya daktari, na hatumpi Kimweri jina la ugonjwa wowote. Lakini mlezi akiyasoma anaitambua hali ile. Ni mwili ulioishiwa akiba.

Umri si udhaifu

Mwili wa mtu mzima una akiba ya nguvu, kama ghala lenye mahindi ya kuvusha kiangazi. Akipata homa au akifanyiwa upasuaji, hutumia akiba hiyo, kisha huirudisha. Kuna watu ambao akiba imebaki kidogo sana. Tatizo dogo linawaangusha, na kupona kunachukua muda mrefu. Hali hii ndiyo tunayoiita hapa udhaifu wa mwili. Huwapata zaidi wazee, lakini haiendi sawasawa na miaka. Yupo bibi wa miaka 80 anayelima bustani yake, na yupo wa miaka 65 asiyeweza kuinuka mkekani bila kushikwa.

Mwaka 2001 daktari Linda Fried na wenzake wa Marekani walipendekeza dalili 5 za kuangalia:

- Amepungua uzito bila kukusudia, kiasi cha kilo 4.5 au zaidi kwa mwaka.
- Anajisikia kuchoka karibu kila anachofanya.
- Mkono umepoteza nguvu ya kushika.
- Mwendo umekuwa wa polepole.
- Shughuli zake za mwili zimepungua sana.

Mwenye dalili 3 au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu. Mwenye 1 au 2 anaelekea huko, na ndiye tunayeweza kumsaidia mapema.

Kwa nini hili ni muhimu kabla ya kubadilisha valvu

Kwa wazee, valvu inaweza kukakamaa kwa chokaa inayojikusanya miaka mingi. Kwa vijana wengi wa kwetu chanzo ni homa ya rumatizimu, inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa. Ndiyo maana, mama, koo la mtoto linalouma pamoja na homa lisipuuzwe.

Valvu inaweza kubadilishwa kwa kufungua kifua, kazi inayofanyika hapa nchini katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ipo pia njia ya kupitisha valvu kwa mrija kutoka kwenye mshipa wa paja. Ilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2002 huko Rouen, Ufaransa, na hutumika zaidi kwa wazee, wakiwemo wale ambao upasuaji mkubwa ni hatari kwao.

Swali gumu la daktari ni hili: udhaifu wa mgonjwa huyu unatokana na valvu, au na mambo mengine? Kama anachoka kwa sababu damu haipiti vizuri, valvu mpya inaweza kumrudisha kwenye shughuli zake. Kama udhaifu umetokana na utapiamlo, upungufu wa damu, kusahau sana au magonjwa mengine, valvu itafanya kazi yake lakini mzee anaweza kubaki kitandani. Mara nyingi mambo haya yamechanganyika. Valvu mpya si dawa ile aliyoiomba Kimweri, na familia inapaswa kulijua hilo kabla ya kuuza ng'ombe au kukopa nauli.

Wanapima nini

- Kutembea mita 5 kwa mwendo wa kawaida. Akitumia zaidi ya sekunde 6, mwendo wake ni wa polepole.
- Kuinuka kitini mara 5 bila kujisaidia kwa mikono. Akifikisha sekunde 15 au zaidi, au akishindwa, miguu imepungua nguvu.
- Nguvu ya kiganja.
- Kumbukumbu na kuelewa mambo.
- Damu: kama hemoglobini inatosha, na kiasi cha protini iitwayo albumini.
- Mambo ya kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kula, kutoka kitandani.

Vipimo hivi havitafuti sababu ya kumfukuza mgonjwa. Vinasaidia kuchagua kati ya upasuaji, njia ya mrija, kumwimarisha kwanza, au dawa na matunzo ya kumpunguzia mateso. Usimjaribishe nyumbani mzee anayezirai, anayebanwa kifua au anayekosa pumzi. Mwache apimwe na wahudumu.

Mwisho wa Kimweri, na jambo la kuficha

Kimweri aliishi takriban miaka 5 baada ya wageni wale kuondoka. Alifariki mwaka 1862. Miaka 5 ni mirefu kwa mzee anayehudumiwa kitandani, na waliomlisha, kumwogesha na kumgeuza hawakuandikwa na mtu. Mlezi wa leo anawajua bila kuambiwa majina yao.

Wakati huo huo nchi ilikuwa ikibadilika. Bunduki zilikuwa zikiingia nyanda za chini kwa biashara ya pwani, na Wazigua wa huko hawakutegemea tena amri ya Vuga. Kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu, kwa kuwa baba yake alikuwa ametangulia kufa. Semboja, mwana wa Kimweri aliyetawala Mazinde, ambayo leo iko Wilaya ya Korogwe, alimpinga na kumfukuza Vuga. Wabondei nao waliasi. Vita viliendelea kwa miaka mingi.

Desturi ya Vuga ilikuwa kukificha kifo cha mfalme mpaka mrithi afike. Kwa ufalme, kuficha kulikuwa na sababu yake. Kwa mgonjwa wa moyo, kuficha kunaumiza. Katika kuwatembelea wagonjwa majumbani, jibu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba bibi hajambo. Baadaye, pembeni ya mlango, mkwe ananiambia kwamba bibi ameanguka mara mbili mwezi huu na hamalizi uji. Daktari anayeambiwa tu kwamba hajambo atapanga matibabu ya mtu mwingine. Kusema ukweli si kumvunjia mzee heshima.

Unachoweza kufanya

- Andika kwenye daftari: ameanguka lini, anakula kiasi gani, nguo zimemlegea kiasi gani, ni kazi zipi aliziacha na tangu lini. Nenda nalo kliniki.
- Mpe chakula kidogo kidogo chenye protini: maharage, kunde, mbaazi, mayai, maziwa, samaki. Kama hana meno, ponda au saga. Punguza chumvi, dagaa wa chumvi loweka na umwage maji.
- Uliza ni mazoezi gani yanamfaa. Usimwanzishie mwenyewe kabla daktari hajaruhusu.
- Uliza aina ya valvu. Ile ya chuma huhitaji dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yote, pamoja na kupimwa damu mara kwa mara. Fikiria nani atampeleka, na kutoka kijiji gani.
- Muulize mzee mwenyewe anataka nini: kwenda msikitini au kanisani kwa miguu, kulala bila kukosa pumzi, au kukaa nyumbani na wajukuu.
- Akizirai, akibanwa kifua, akishindwa kupumua akilala, au miguu ikivimba ghafla, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Kimweri alitaka ujana wake urudi, na hakuna aliyeweza kumpa. Mzee wako anaweza kupata kitu kidogo kuliko hicho lakini cha kweli, kama waliomzunguka watasema mapema jinsi alivyo.