Carl Akeley: sinema ya ngagi na mashine ya simenti

Usiku, mbingu ikiwa safi, sisi wa Masisi tunaonaka mwangaza wa Nyiragongo. Kule New York, ndani ya jumba la makumbusho, mlima ule ule umechorwa ukutani, na mbele yake wamesimama ngagi wa Mikeno, ngozi zao za kweli. Kazi hiyo aliianzisha Carl Akeley, Mumarekani aliyezaliwa 1864.

Wengi wanamujua kwa sinema. Mwaka 1910, kule Kenya, alitaka kupiga filme ya Wanandi wakiua simba kwa mikuki. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito kugeuza, mambo yakamupita. Aliporudi kwao akatengeneza ya kwake, ya mviringo, inayogeuka upesi, akapata hati yake 1915. Robert Flaherty alipiga nayo Nanook of the North, filme ya 1922 inayojulikana mpaka leo.

Mwaka 1921 akapanda Mikeno. Mbele yake kidogo alipita Prensi Wilhelm wa Sweden na mpiga sinema wake. Wao waliua ngagi 14. Akeley na wenzake nao waliua watano, tusimufiche. Lakini yeye njo wa kwanza kupiga filme ya ngagi wakiwa hai porini, na kisha kuwaangalia vile, hakutaka tena wauawe ovyo. Akasihi mufalme Albert wa Ubelgiji, na tarehe 21 Aprili 1925 ikazaliwa Parke Albert, njo Virunga yetu, parke ya kwanza ya taifa Afrika. Aliporudi 1926, ugonjwa ukamushika njiani. Alikufa 17 Novemba, akazikwa Kabara, pale pale Mikeno.

Sisi wa sendika ya migodi tunamukumbuka kwa kitu kingine. Mwaka 1907, kuta za makumbusho ya Chicago, alikokuwa anafanya kazi, zilikuwa zinabomoka. Akeley akabuni mashine ya kurusha simenti na mchanga kwa nguvu ya hewa. Maji yanachanganyika ku mdomo wa tiyo, inashika ukuta papo hapo. Mainjinia wakaishusha chini ya ardhi. Leo, ku migodi mikubwa ya dunia, betoni ya kurushwa njo inashikilia tuneli.

Kwa wachimbaji wa mikono wa Rubaya na Walikale, ni miti tu. Mvua ikipiga siku mbili, miti inalegea. Tumekwisha kutoa wenzetu chini ya udongo kwa majembe na mikono, na wengine hatukuwafikia. Watalii wamepanda Virunga miaka mingi kwa ajili ya ngagi. Ile mashine yake ingine, ku mashimo yote tuliyoshuka, hatujaiona bado.