Sultani wa Kilwa aliyemvulia fakiri nguo zake

JINA lake lilikuwa al-Hassan bin Sulaiman, lakini alijulikana zaidi kama Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Alitawala Kilwa, kisiwa cha pwani ya kusini mwa Tanzania ya leo, tangu karibu mwaka 1310 hadi mapema miaka ya 1330. Kasri lake sasa ni magofu yaliyo ukingoni mwa genge la bahari, na ukingo huo unamomonyoka.

Ukoo wake wa Mahdali ulikuwa na asili ya Yemen. Babu yake, al-Hassan bin Talut, ndiye aliyekitwaa kiti cha Kilwa mwishoni mwa karne ya 13. Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba mjukuu huyo alisafiri angali kijana wa miaka 14, akakaa Aden miaka miwili akisoma elimu ya dini, kisha akaenda kuhiji Makka. Nduguye Daud alishika madaraka kwa niaba yake, na msafiri aliporejea akamwachia kiti bila ugomvi, jambo ambalo si la kawaida katika habari za wafalme.

Mali aliikuta tele. Kilwa ilikuwa imeishika bandari ya Sofala, ilikopitia dhahabu ya bara. Sarafu yenye jina la al-Hassan iliokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Kwa mali hiyo alijenga Husuni Kubwa. Msomaji wa Endebess au Bungoma asikiapo neno ngome hukumbuka Chetambe, ambako Wabukusu walijihami mwaka 1895. Husuni, ijapokuwa jina lake lina maana hiyo hiyo ya ngome, ilikuwa hasa makao ya anasa na biashara: vyumba zaidi ya 100 vya mawe ya matumbawe, nyua pana, na kidimbwi cha kuogea chenye pembe nane. Sultani aliupanua pia Msikiti Mkuu na kuuongezea kuba kubwa, ambayo baadaye iliporomoka.

Mwaka 1331 alitembelewa na Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco. Huyo alimwona mfalme mnyenyekevu, aliyeketi na kula pamoja na mafakiri. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe alizikomboa kwa watumwa kumi. Baba, aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapo msomaji wa leo hana budi kusita. Watu ishirini walitolewa zawadi kwa sababu ya vazi moja, na hakuna aliyeandika majina yao. Msafiri huyo huyo anaeleza kuwa sultani alizoea kuwavamia watu wa bara na kuteka nyara, akitenga sehemu moja ya tano kwa matumizi ya dini. Ukarimu wake, basi, ulikuwa na wagharamiaji ambao hawakuulizwa.

Alipofariki, Daud alirithi kiti. Alikuwa kinyume cha nduguye: waombaji walijibiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu, wakasubiri miezi mingi kwa kidogo.

Husuni Kubwa haikukaliwa muda mrefu, na yaelekea haikukamilika. Mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick aliifukua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Magofu ya Kilwa yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, na kati ya 2004 na 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini. Kuta zilizokarabatiwa na mikoko iliyopandwa ufuoni zilisaidia kuyaondoa katika orodha hiyo ya hatari. Lakini pale Husuni maji ya mvua huchukua udongo wa genge, na mizizi ya vichaka, ambayo huushikilia udongo huo, ndiyo hiyo hiyo inayopasua mawe ya kuta.