Tippu Tip na mlio wa fataki

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na Tippu Tip mapema. Hutajwa darasani kama mwandishi wa mojawapo ya tawasifu za kwanza za nathari ya Kiswahili, kisha somo linaendelea. Katika makala haya nasimulia maisha yake kwa kufuata kitu kidogo ambacho darasani hakitajwi: fataki, yaani kile kikombe cha shaba, kisichozidi punje ya hindi, kinachowasha baruti ya gobori.

Nina sababu yangu. Nimezaliwa Ntoto, kati ya Masisi na Walikale, ambako msitu hukauka kwa nadra na asubuhi huwa na ukungu wa baridi. Marehemu babu alikuwa na gobori. Siku za mvua aliweka fataki zake katika kichupa kilichozibwa kwa nta, akafunika mtambo kwa kipande cha ngozi, na kabla ya kushindilia baruti alipiga fataki moja bure ili kusafisha na kukausha njia ya moto. Asipofanya hivyo, fataki ililia peke yake bila mshindo kufuata, na mnyama akawa ameshaondoka. Nilipoanza kusoma historia ya Kiswahili cha kwetu, niligundua kwamba bunduki ya aina ile na lugha niliyokuwa nikiisema zilifika mashariki ya Kongo katika misafara ya aina moja.

Hamed bin Muhammed el Murjebi alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837, katika ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Omani waliokwisha kuchanganya damu na watu wa Afrika. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa amejijenga Tabora kwa Wanyamwezi na kuoa binti wa mtemi Fundikira. Hamed alianza safari za biashara akiwa kijana, na alipofika umri wa miaka 18 hivi alikwenda bara pamoja na baba yake, hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Baadaye aliongoza misafara yake mwenyewe, akikopa mtaji kwa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar na kurudi na pembe za ndovu. Pembe hizo zilibebwa mabegani na wapagazi, na pamoja nao walitembea mateka wengi waliouzwa utumwani.

Silaha za misafara ile zilikuwa mchanganyiko. Zilikuwapo gumegume, ambazo jiwe hugonga chuma na cheche kuangukia baruti iliyo wazi pembeni mwa kasiba. Tone moja la mvua likiingia pale, kazi imekwisha. Zilikuwapo pia bunduki za fataki. Chanzo chake ni Alexander Forsyth, mchungaji wa Uskoti aliyependa kuwinda ndege. Mwaka 1807 alipata hataza ya mtambo uliotumia kemikali inayolipuka kwa kugongwa. Miaka michache baadaye kemikali hiyo ikatiwa ndani ya kikombe cha shaba kinachovikwa juu ya kijibomba kidogo. Nyundo ikikipiga, moto hupita ndani moja kwa moja hadi kwenye baruti, na mvua haipati nafasi. Kiswahili kilishughulikia badiliko hilo kwa uchumi mkubwa: neno kifa, lililokuwa jina la kile kisahani cha baruti, lilihamia kwenye kijibomba cha fataki. Chombo kilibadilika, jina likabaki.

Mwaka 1867 Hamed alipambana na Nsama, mtawala mwenye nguvu wa Watabwa huko Itawa, kusini magharibi ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa na bunduki mia moja na ushei, na Nsama alikuwa na wapiga mishale wengi. Hamed alijeruhiwa kwa mishale lakini bunduki zilishinda, na akateka akiba kubwa ya pembe. Hapo ndipo, kwa maelezo yake mwenyewe, alipopata jina la Tippu Tip: watu waliokimbia walisimulia mlio wa bunduki zake. David Livingstone, aliyekutana naye mwaka huohuo, alipata maana nyingine, kwamba ni mkusanyaji wa mali. Wengine walisema jina lilitokana na macho yake yaliyopepesa kila mara.

Mwanaisimu hawezi kuamua kwa kura, lakini maelezo ya kwanza yana uzito. Jina la tanakali ya sauti hutungwa na masikio, na hapa masikio yalikuwa ya watu waliokuwa upande wa pili wa kasiba. Tippu Tip alilipokea na kulivaa kama sifa. Kwa waliolitunga lilikuwa kumbukumbu ya hofu.

Hata hivyo si kila ushindi wake ulihitaji baruti. Alipofika Utetera, upande wa mto Lomami, alijitambulisha kwa mtawala mzee Kasongo Rushie kuwa mjukuu wa dada yake aliyetekwa zamani. Majina na habari za ukoo alikuwa amezisikia kwanza kwa watu wengine. Mzee aliamini, akamwachia madaraka. Kufikia mwaka 1874, Verney Lovett Cameron alipopita, Tippu Tip alikuwa mtu wa kuombwa njia. Mwaka 1876 alimsindikiza Henry Morton Stanley sehemu ya safari ya kuufuata mto Lualaba.

Februari 1887 Stanley alikuja Zanzibar na mkataba: Tippu Tip awe gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na atoe wapagazi 600 kwa ajili ya msafara wa kumwokoa Emin Pasha. Katika orodha ya mizigo ya msafara huo zimo tani 2 za baruti na fataki 350,000. Wapagazi walichelewa kwa karibu mwaka mzima na hawakufika idadi iliyotakiwa. Tippu Tip alijitetea kwamba Stanley ndiye aliyevunja mkataba kwa kutoleta baruti aliyoahidi. Stanley alimwita msaliti. Sijui korti gani ingewapatanisha, lakini hoja ya Tippu Tip ilikuwa ya mtu anayejua kazi yake: kuwapeleka watu msituni na bunduki zisizo na cha kuwashia ni kuwapeleka na fimbo.

Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba dhidi ya biashara ya utumwa. Ndani yake, katika eneo la Afrika kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, silaha zilipigwa marufuku isipokuwa kwa masharti maalumu. Bunduki iliyoruhusiwa kwa biashara ya kawaida ilikuwa gumegume isiyo na mifuo ndani ya kasiba, pamoja na baruti duni. Waliouandika walijua tofauti kati ya jiwe na fataki. Marufuku hiyo ililenga wateka watumwa, na ilistahili kuwalenga. Lakini ilimwachia pia mwanakijiji wa msituni silaha inayozimwa na mvua, huku majeshi ya wakoloni yakiingia na risasi za kisasa.

Kufikia wakati huo Tippu Tip alikuwa akirejea pwani. Vita kati ya Dola Huru ya Kongo na Waarabu, kuanzia 1892 hadi 1894, vilimkuta Zanzibar. Mwanawe Sefu aliuawa mwaka 1893, na himaya ikavunjika. Mzee alikaa Mji Mkongwe, akaandika maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza katika herufi za Kirumi, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Tippu Tip alifariki Juni 1905.

Leo msomaji wa Dar es Salaam akisikia fataki huwaza sherehe za mwaka mpya, au mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana. Himaya imekwisha, na maneno yake yamebadilika maana. Lugha ndiyo iliyobaki, ikaenezwa zaidi na masoko, misheni na utawala wa Wabelgiji, hadi ikawa ya bibi na babu zetu. Waliotembea katika misafara ile wakiwa wapagazi na mateka hawakuandika kitabu. Lakini wao pia walikibeba Kiswahili hadi kwetu, na kama maelezo ya Tippu Tip mwenyewe ni ya kweli, basi hata jina analokumbukwa nalo alipewa na watu waliokuwa wakimkimbia.