‘Karamojo’ Bell, mwindaji aliyetegemea shabaha badala ya ukubwa wa risasi

WAKAZI wa Mokowe, bandari ya bara inayotazamana na kisiwa cha Lamu, wanaifahamu vyema tabia ya mbao. Chombo kilichokaa majini huvimba hata nyufa zikajifunga. Kikipandishwa ufuoni na kupigwa jua, mbao hunywea na fundi hana budi kukikalafati upya. Tabia hiyo hiyo iliwasumbua wawindaji wa ndovu enzi ambazo pembe zilikuwa biashara kubwa ya pwani hii, kwani bunduki nayo ni chuma kilicholazwa juu ya mti.

Miongoni mwa wawindaji hao, hakuna aliyesifiwa kwa shabaha kumshinda Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880 karibu na mji wa Edinburgh. Alifiwa na wazazi wote wawili angali mtoto mdogo, akalelewa na kaka zake, na shule ikamshinda mapema. Akiwa kijana wa miaka 16 hivi alifika Mombasa na kupata kazi ya kuwaua simba waliokuwa wakiwashambulia wajenzi wa reli ya Uganda. Baadaye alikwenda Kanada kutafuta dhahabu, kisha akapigana katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alirejea Afrika Mashariki na kuelekea Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Huko ndiko alikopata jina la ‘Karamojo’.

Wawindaji wengi wa wakati huo waliamini kuwa ndovu haangushwi ila kwa bunduki nzito yenye risasi nene. Bell hakukubaliana nao. Alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, na akajifunza kuufikia kwa kupiga kutoka mbele, ubavuni, na hata kutoka nyuma kwa mshazari. Silaha aliyoipenda zaidi ilikuwa bunduki nyepesi ya milimita 7 iliyotengenezwa na kampuni ya Rigby ya London kwa kutumia mtambo wa Mjerumani Paul Mauser. Risasi yake ilikuwa nyembamba, ndefu na ngumu, nayo ilipenya mfupa bila kupinda njia.

Lakini risasi ndogo haisamehe kosa. Ikiukosa ubongo kwa upana wa kiganja, ndovu hukimbia na jeraha au humgeukia mpigaji. Ndiyo maana namna mtambo ulivyolazwa katika mti wake lilikuwa jambo zito. Mtambo wa Mauser hushikwa na skrubu mbili, na chini yake kuna kinundu cha chuma kinachoegemea ubao ili kupokea msukumo wa nyuma risasi inapotoka. Fundi hodari huuchonga ubao kidogo kidogo hadi chuma kikae pote bila kuchezacheza wala kulazimishwa. Mti ukivimba kwa unyevu husukuma mtutu upande; ukinywea, skrubu hulegea na mtambo husogea kila unapopigwa. Mauser aliliona tatizo hilo, akaizungushia skrubu ya nyuma kibomba cha chuma ili anayeikaza asiupondeponde ubao. Ni kitu kidogo, na asiyewahi kufungua bunduki hawezi kukijua.

Bell naye alifanya sehemu yake. Kila siku alifanya mazoezi ya kulenga na kufyatua bunduki tupu, hata akiwa safarini. Kutoka Karamoja alihamia eneo la Lado kando ya Nile, baadaye Liberia na mito ya Afrika ya Kati iliyokuwa chini ya Wafaransa. Kwa hesabu yake aliwaua ndovu 1,011, karibu wote madume.

Idadi hiyo wakati wake ilimletea sifa na utajiri. Msomaji wa leo, hasa anayejua jinsi ndovu wa misitu ya bara ya Lamu walivyoangamizwa na majangili katika miaka ya 1970 na 1980, ataitazama kwa jicho jingine. Ustadi ulikuwa wa kweli, na hasara vilevile.

Vita vya 1914 vilipozuka Bell akawa rubani, akahudumu pia Tanganyika, na kutunukiwa nishani ya ushujaa. Alimwoa Kate Soares, akastaafu katika shamba lake la Corriemoillie huko Uskoti. Aliandika vitabu na kuvichorea picha mwenyewe, kimojawapo kikiwa The Wanderings of an Elephant Hunter cha mwaka 1923. Alifariki mwaka 1954.

Baada ya kifo chake, moja ya bunduki zake za Rigby ilinunuliwa na mwandishi Mmarekani Robert Ruark, aliyempa zawadi mtoto wa Harry Selby, mwindaji mashuhuri wa Kenya. Miaka mingi baadaye kampuni iliyoitengeneza iliinunua tena na kuirudisha London.