Maisha ya Mwalimu Ohm

Muhula uliopita nilikosa hesabu zote za umeme, nikataka kuiacha sayansi. Ndipo niliposoma habari za Bwana Georg Simon Ohm.

Alizaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka 1789. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli aliyejifundisha hesabu mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe. Tangu 1817 Ohm alikuwa mwalimu wa shule huko Cologne. Kazi ya darasani ikiisha, alijaribu nyaya za urefu mbalimbali, akaona kuwa waya ukizidi urefu, mkondo wa umeme hupungua. Mwaka 1827 alitoa kitabu chake. Wakubwa wengi hawakukijali. Akaacha kazi yake, akaishi Berlin kwa vipindi vichache vya kufundisha, lakini hesabu yake hakuikana.

Mwaka 1833 alipata kazi Nuremberg, na mwaka 1841 Royal Society ya London ikamtunuku nishani. Alifariki Munich mwaka 1854. Kipimo cha ukinzani wa umeme, omu, kimeitwa kwa jina lake.

Hesabu yenyewe ni hii. Pasi ya volti 240 hupitisha ampea 4. Ukigawanya volti kwa ampea, utapata ukinzani, omu 60. Ukizizidisha, utapata nguvu ya pasi, wati 960.

Nami niliona haya, nikaishika kalamu tena. Juzi nilipata hesabu nane katika kumi. Wenzangu, mvumilivu hula mbivu.