William Sealy Gosset

William Sealy Gosset (Canterbury, 13 Juni 1876 – Beaconsfield, 16 Oktoba 1937) alikuwa mwanakemia na mwanatakwimu kutoka nchini Uingereza. Anajulikana zaidi kwa jina lake la kalamu, Student.

Maisha

Alisoma hisabati na kemia katika New College, Oxford. Mwaka 1899 aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Huko alishughulikia shayiri na malighafi nyingine za bia. Majaribio ya shambani yalikuwa ghali na yalichukua msimu mzima, hivyo mara nyingi alikuwa na vipimo vichache tu vya kufanyia uamuzi, ilhali kanuni za takwimu za wakati ule zilifaa kwa sampuli kubwa. Mwaka 1906 alikwenda London kujifunza kwa Karl Pearson, ambaye alizoea kufanya kazi na vipimo vya mamia ya watu na hakulitilia sana maanani tatizo hilo.

Jaribio la kadi

Gosset alitumia vipimo vya wahalifu 3000 vilivyokwisha kuchapishwa: kimo, na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Vipimo vya kila mtu viliandikwa kwenye kadi yake. Kadi zikachanganywa sana, zikachomolewa bila kuchagua, na kila nne zilizofuatana zikahesabiwa kuwa sampuli moja. Zikapatikana sampuli 750. Kwa kuwa wastani wa watu wote 3000 ulijulikana, aliweza kuona kila sampuli ilikosea kwa kiasi gani. (Jaribio hili hurudiwa kwa urahisi darasani kwa vipande vya karatasi na kofia, nalo hufundisha kuliko fomula peke yake.)

Ugumu ni kwamba sampuli ndogo mara nyingi huonyesha mtawanyiko mdogo kuliko ule wa kweli, hivyo anayeitegemea hujiamini kupita kiasi. Gosset alitafuta fomula ya kurekebisha kasoro hiyo, kisha akailinganisha na kadi zake, zilikubaliana vizuri.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1908 katika jarida la Biometrika. Kiwanda hakikuruhusu wafanyakazi wake kuchapisha kwa majina yao, ndiyo sababu ya jina Student. Uthibitisho kamili wa kihisabati ulitolewa baadaye na Ronald Fisher, na mgawanyo huo sasa huitwa mgawanyo wa t wa Student.

Gosset hakuacha kazi ya kiwandani. Mwaka 1935 alihamia London kusimamia kiwanda kipya cha Guinness huko Park Royal, akafariki miaka miwili baadaye.